Juzuu ya Kumi na Nane

Katika ukoo wote wa Tazmin, na pengine katika mji mzima wa Labasa, hakuna aliyesifiwa kusoma kama yeye. Wengine husifiwa mapishi, wengine sura. Yeye alisifiwa macho. Aliuza katika duka la vitabu lililotazamana na stendi ya mabasi, na kati ya mteja mmoja na mwingine tayari alikuwa na kitabu mapajani. Mumewe Faizal, dereva wa lori la miwa, alipenda kuwatambia wenzake kwenye foleni ya kiwanda cha sukari kwamba yeye kaoa maktaba, tena kwa mahari kiduchu.

Basi Mwalimu Kulsum alipofariki, watu walimtazama Tazmin. Mwalimu ndiye aliyemfundisha Kurani tangu alifu na bee, barazani kwake, na hakuwa mwalimu wa kubembeleza mtu. Arobaini ilipokaribia, Bi Rashidan, dada wa marehemu, alitoa sanduku lenye juzuu zote thelathini za Kurani, kila moja na jalada lake la kijani, akaanza kuzigawa kwa ajili ya hitima. Unachukua yako, unaisoma nyumbani kwa nafasi yako, siku ya arobaini unairudisha na kusema imekwisha. Zikitimia zote, ndipo dua inaombwa.

"Nipe mbili, mama," Tazmin alisema. "Moja kwangu ni ya kusomea chai ikipoa."

"Chukua moja. Usije ukavimbiwa," Bi Rashidan alimjibu, akamtia mkononi juzuu ya kumi na nane.

Wanawake walicheka. Nurisha, wifi yake Tazmin, hakucheka. Yeye ni fundi cherehani, na kusoma Kurani alianza ukubwani, watoto wake wakiwa shule. Alipokea ya kwake kwa mikono miwili kama aliyepewa mtoto mchanga.

"Hii mimi nitaimaliza kiama," alisema.

"Basi anza leo," Tazmin akamtania. "Kiama chenyewe hakiko mbali."

Tazmin aliifunga juzuu kwa leso safi akaiweka juu ya kabati, mahali pa heshima. Tatizo la mahali pa heshima ni kwamba mkono haufiki kwa urahisi. Chini, kando ya mto wa kulalia, kulikuwa na kitabu kinene cha mauaji yaliyotokea hotelini, na pale mkono ulifika bila hata kuutuma. Siku moja alitia udhu, akaishusha juzuu, akaketi. Alisoma mistari mitatu, usingizi ukamchukua amekaa vilevile. Alipozinduka aliirudisha juu ya kabati, akafungua ile hoteli, na usingizi ukamkimbia hata hakujua umekwenda wapi.

Jambo hili lilimuuma, maana hakuwa mtu asiye na dini. Alisali, alifunga, na mtu akiinanga Kurani mbele yake angemrukia. Lakini maneno ya hadithi aliyaelewa, na ya Kurani aliyapita tu, herufi baada ya herufi, ulimi ukienda na moyo ukiwa sokoni. Alijiuliza Mungu anamwonaje mtu ambaye akisoma habari za muuaji wa kubuni moyo unamdunda, na akisoma maneno Yake anapiga miayo. Hakupenda jibu alilolihisi linakuja, kwa hiyo alifunua ukurasa mwingine. Kesho ipo, alijisemea. Akajisemea hivyo mpaka kesho zikamwishia.

Jumapili ya arobaini, uani kwa Mzee Imdad, mume wa marehemu, palifungwa turubai kwa ajili ya wanaume. Wanawake walijaa sebuleni. Harufu ya molasi kutoka kiwandani ilichanganyika na ya pilau, na Bi Rashidan alikaa kando ya sanduku lake akipokea juzuu moja moja.

"Tazmin. Umemaliza?"

"Alhamdulillahi," alisema Tazmin.

Alijidanganya kwamba hapo hajasema uongo, kamshukuru Mungu tu. Lakini Bi Rashidan hakuwa mtu wa kupewa jibu nusu.

"Yote?"

"Yote, mama."

Juzuu ikaingia sandukuni. Ilikuwa rahisi hivyo, na urahisi wenyewe ndio uliomtisha. Nyuma yake akaja Nurisha, kaikumbatia ya kwake kifuani.

"Mama, nisamehe. Zimenibakia kurasa mbili."

"Kurasa mbili? Wiki zote hizi?"

"Nilikuwa na nguo za harusi za watu. Halafu mimi nasoma polepole, unanijua. Nipeni nafasi kidogo, nimalizie hapa hapa."

Wakaguna. Mmoja akasema pilau litaganda. Mwingine akasema ziandikwe tu kama zimesomwa, Mungu anajua nia. Nurisha alitikisa kichwa, uso umemwiva kwa aibu, lakini hakuondoka.

"Mungu anajua na mimi najua," alisema. "Marehemu hakustahili kupunjwa."

Akaketi pembeni akaanza kusoma, kidole kikitambaa chini ya mstari, akikwama, akirudi, akikwama tena. Sebule nzima ilimsubiri. Nje, wanaume walituma mtu kuuliza kuna nini. Tazmin alikuwa kaketi ubavuni pa wifi yake, na moyo wake ulimwambia waziwazi: sema sasa. Sema na mimi bado, tusubirini wawili. Lakini kurasa mbili husubiriwa. Juzuu nzima, ya msomaji wa mji, ingekuwa kichekesho cha mwaka. Nurisha alikwama kwenye neno gumu, na Tazmin, bila kufikiri, akainama na kumsahihisha. Kisha neno jingine. Kisha jingine.

"Ona moyo wake," akasema mwanamke mmoja. "Yeye kamaliza zamani, na bado anamsaidia mwenzie."

Tazmin alitamani ardhi ipasuke. Hakuwahi kujichukia kama alivyojichukia dakika ile, na bado akaliinamia neno lililofuata.

Nurisha akamaliza, akalibusu jalada, akairudisha juzuu. Bi Rashidan akatangaza dirishani kwamba thelathini zimetimia. Dua ikaombwa. Kila imamu alipotulia, amina za watu ziliitikiwa pamoja, ila ya Mzee Imdad ilichelewa kidogo na kusikika peke yake, nzito, ya mtu anayeamini kila neno. Pilau lilipoletwa, Tazmin alimsogezea Nurisha sahani yake, akaaga akaenda zake.

Alidhani atajitibu kwa kuisoma nyumbani kwa siri, katika msahafu wake mwenyewe, yeye na Mungu wake wamalizane. Jumatatu hakuifungua. Jumanne pia. Zamani kilichomzuia kilikuwa uvivu; sasa ilikuwa haya, na haya ni nzito kuliko uvivu. Hata hoteli ya wauaji hakuigusa tena.

Jumatano Mzee Imdad alipiga simu dukani, akamwomba apite kwake akitoka kazini. Alimkuta barazani kwenye kiti chake cha kamba. Ndani, mkaza mwanawe alikuwa anasukuma chapati, mlango wazi. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alimtambua Tazmin kwa sauti.

"Kaa, mwanangu. Nakusumbua, lakini nina ombi dogo."

"Hakuna usumbufu, baba. Sema."

Mzee akapapasa meza iliyo ubavuni pake, akaichukua juzuu yenye jalada la kijani.

"Rashidan kanitafutia. Ndiyo hii, siyo? Ya kumi na nane?"

Tazmin aliitazama. Alitaka kusema hajui.

"Ndiyo hii, baba."

"Zamani Kulsum alikuwa ananisomea kila jioni. Sasa macho yangu ndiyo haya. Nikasema, nimwite Tazmin, anisomee ile aliyomsomea mwenzangu. Nisikie nini kimemfikia huko aliko." Alitabasamu. "Wale wengine sijui walisomaje, Mungu awalipe. Ila ya kwako nilikuwa na hakika nayo."

Kutoka ndani ilisikika chapati ikigeuzwa. Tazmin alienda bombani akatia udhu, akachelewa huko kuliko inavyopasa, akarudi. Akafungua, akatamka jina la Mungu, akaanza. Mistari mitatu ya kwanza ilitoka laini, kwa kuwa hiyo alikwisha kuisoma. Aliendelea. Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kikienda taratibu. Halafu, katikati ya maneno yale asiyoyajua, likamjia moja alilolijua, lisilohitaji tafsiri kwa Mwislamu yeyote duniani. Amana. Na Mwalimu Kulsum alikuwa amewafafanulia aya hiyo, barazani hapo hapo: waumini waliofaulu ni wale wanaochunga amana walizopewa na ahadi walizotoa.

Akaacha kusoma.

"Umekwama?" mzee aliuliza. "Wewe?"

"Baba, sikuisoma."

"Nini?"

"Juzuu hii sikuisoma. Nilisoma mistari mitatu nikalala. Siku ya arobaini niliulizwa, nikasema nimemaliza." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nilidanganya, baba. Nurisha kurasa mbili zilimtoa jasho mbele za watu, mimi nikamsahihisha na juzuu nzima iko shingoni kwangu."

Mzee Imdad alifumbua macho. Alitazama upande aliokaa Tazmin, ingawa sura yake hakuiona vizuri. Tazmin alisubiri afokewe, na alitaka afokewe. Alisubiri pia, moyoni kabisa, aambiwe si kitu mwanangu, Mungu ni mwingi wa rehema. Watu wa umri ule huwa wanasema hivyo.

"Basi Jumapili," mzee alisema polepole, "amina zile niliitikia nini?"

Chapati ndani ilikuwa inaungua, na mkaza mwana alikuwa amesimama mlangoni na kijiti chake cha kusukumia mkononi, amesikia yote.

"Nisamehe, baba."

"Anayedaiwa msamaha si mimi peke yangu." Aliuvuta mkongojo, akasogeza kiti chake karibu, mpaka magoti yake yakakaribia meza. "Rudi mwanzo. Soma kwa sauti. Sitaondoka hapa mpaka uimalize, kwa sababu sasa siwezi kukuamini."

Tazmin akafuta uso kwa ncha ya ushungi, akarudi ukurasa wa kwanza. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, akiogopa kuruka hata nukta. Alipokwama, mzee hakumsaidia. Alimngoja.