Jiko la Magurudumu

Kepher, fundi wa kuchomelea vyuma pale Silibwet, alilitambua lile jiko kabla ya kumtambua mwanamke aliyekuwa akilisukuma.

Mwezi uliopita Kiplangat, mchoma nyama, alimletea pipa na maombi matatu: trei ya majivu, magurudumu, na bomba refu la kutolea moshi nje hata jiko likiwa ndani. Magurudumu Kepher aliyapenda. Aliyatoa kwenye wilbaro kuukuu, akaringa nayo wiki nzima. Bomba lilimchosha. "Moshi unajua njia yake," alisema, na jiko likaenda hivyo hivyo, bila bomba.

Kisha ikaja ile mvua ya mawe ya mchana iliyochanachana majani ya chai yote. Kiplangat hakutaka nyama ya wateja iharibike. Alilisukuma jiko, makaa yakiwaka, mpaka ndani ya stoo, akafunga mlango, akaketi kungoja. Mvua ilipokatika, mkewe Chepkurui alimkuta ameegemea gunia. Hewa ya makaa ilikuwa imemmaliza. Nyama ilikuwa imeiva vizuri.

"Mama Fancy, nitaweka bomba," Kepher alimwambia Chepkurui sasa, macho chini. "Bure kabisa."

"Bomba aliliomba akiwa hai. Kata magurudumu."

Aliyakata. Alipozima mashine, akauliza ni nani atalibeba sasa mpaka nyumbani.

"Halibebwi," Chepkurui alisema. "Litakaa hapa mlangoni kwako. Mtu akiuliza mbona halina bomba, umwambie."