Nusu Kilo ya Mchoyo

Mizani ya kliniki waliibandika jina Mchoyo, kwa sababu kila mtoto aliyening'inizwa pale ilimnyima nusu kilo. Hakuna aliyehangaika nayo. Wauguzi walisoma namba, wakaongeza nusu kichwani, wakaandika kwenye kadi. Muuguzi mdogo kuliko wenzake alikuwa ameizoea hesabu hiyo kama kupumua.

Leo mshale ulisimama kwenye tatu na nusu. Akaongeza, ikawa nne. Akatazama kadi: mwezi uliopita aliandika nne na nusu.

"Mchoyo leo kapitiliza," alisema, akiigonga mizani kwa kidole.

Mama wa usafi, aliyekuwa akipiga deki mlangoni, akacheka. "Mwanangu, Mchoyo keshatubu. Fundi alimtengeneza mwezi juzi, ulipokuwa likizo. Kwani hawakukuambia?"

Kila mtu alidhani mwenzake kamwambia.

Muuguzi akamtoa mtoto, akamrudishia mama yake. Akachukua pakiti ya sukari ya chai yao, kilo moja, haijafunguliwa, akaitia kwenye mfuko wa kupimia. Mshale ukasimama kwenye moja kamili.

Basi mwezi uliopita mshale ulisema kweli, naye akaongeza nusu isiyokuwepo: mtoto huyu alikuwa na nne, zile zile za kabla ya likizo. Na siku ile mama yake alisema. Alikaa hapa hapa, akasema, "Dada, ananyonya kidogo halafu analala. Namwona mwepesi." Naye muuguzi akamwonyesha kadi, akamtania kwamba mtoto wa kwanza humtia mtu wazimu, akamrudisha nyumbani.

"Kaongezeka?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Amepungua. Na mwezi ule pia hakuongezeka. Nilikosea mimi." Akavuta karatasi. "Nawaandikia barua, mwende hospitali kubwa sasa hivi."

Mama hakupaza sauti. Alimvika mtoto soksi, ikavuka. Akamvika tena.

"Nilikuwa namwamsha usiku anyonye," alisema taratibu. "Uliponiambia yuko sawa, nikaacha. Nikasema acha apumzike."

Muuguzi aliandika barua, akaikabidhi. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante, kwa mazoea tu, akatoka na mtoto ambaye hata hakulia.

Kwenye benchi walibaki akina mama kumi na mmoja, kadi mkononi, na nyingi zilikuwa na mwandiko wake.