Siku Tuliyoipamba Nyumba ya Fundi

Kimbelembele changu ndicho kilicholeta haya yote, sitamsingizia mtu.

Jirani yangu ni fundi cherehani. Mumewe alipooza mwaka juzi, hata kumeza hawezi bila kuinuliwa kichwa. Mama akienda kushona, binti yao wa miaka kumi na minne hubaki kumwangalia baba. Shule anaisikia kwa wenzake. Ndipo tukasikia ofisi ya ustawi wa jamii ina mpango mpya wa kuimarisha familia: msaidizi wa kulipwa na serikali, akae na mgonjwa mchana kutwa. Mtoto angerudi darasani. Kilichobaki ni afisa kuja kuiona nyumba.

"Aikute hivi?" nilifoka. "Mtaa mzima tutaaibika!"

Mimi msusi, mdomo ninao. Kufikia saa tatu asubuhi makochi yangu yalikuwa sebuleni kwa fundi. Jirani wa pili alileta zulia, mwenye duka akaleta friji dogo lililojaa mayai na maziwa. Mgonjwa tukamnyoa ndevu.

"Dada, si watadhani tunazo?" fundi aliuliza.

"Nyamaza wewe. Mgeni utamkalisha kwenye ndoo?"

Tulicheka sana.

Afisa alikuwa binti mpole. Alifungua friji, akaandika. Akauliza nani huwasaidia. Tuliokuwa tumejazana mlangoni tukajibu kwa pamoja, "Sisi!" Nilivimba kichwa.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Familia inajiweza, na majirani wanatosha. Waombe tena mwakani.

Nilikimbilia ofisini bila hata kuvua aproni. "Makochi ni yangu! Friji ni la dukani!"

"Nakuamini, mama," afisa alisema taratibu. "Lakini nikiandika kwamba nilidanganywa, wanafutwa kabisa. Nikinyamaza, wanasubiri mwaka mmoja tu."

"Basi njoo tena uone."

"Kila kaya hutembelewa mara moja kwa mwaka. Sikuipanga mimi."

Nilirudi mtaani na aproni yangu.

Tukapanga zamu za kukaa na mgonjwa, si tulisema sisi? Zilidumu siku nne. Kila mtu ana mbio zake, na zamu yangu ya pili niliikosa mwenyewe kwa sababu ya bibi harusi.

Jumatatu nilikwenda kuomba radhi. Nje watoto walikuwa wanapita na mabegi yao. Binti alikuwa amemwinua baba yake kichwa, anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Nilianza kulia kabla sijafika kitandani.

"Mama mkubwa," aliniuliza bila kugeuka, "mwakani watanirudisha darasa la wenzangu, au nitakaa na wadogo?"

Nilimshikia bakuli mpaka uji ukaisha, halafu nikaondoka, maana kulikuwa na mteja ananisubiri.