Konzi la Tuli

Kila siku kabla ya adhuhuri Kohinur alipima mchele kwa kopo la maziwa ya unga, na kabla ya kuuosha alichota konzi moja akalitia kwenye mtungi uliokaa nyuma ya mlango wa jiko. Wanawake wengi wa mji wa Rangpur hufanya hivyo. Mwezi unapokata na mshahara haujatoka, mtungi ndio huipikia nyumba. Ila katika nyumba ya mama mkwe wake kulikuwa na nyongeza: anayechota konzi lazima ataje jina la mtu aliyepunguziwa chakula, ili Mungu ajue thawabu amwandikie nani.

Kohinur alitaja jina la binti yake, Tuli. Hakuwa na nia mbaya. Jina la mume mke halitamki. Yeye ni Baba Shohag, basi. Shohag mwenyewe ndiye mtoto wa kiume wa pekee, na bibi yake hakutaka kusikia jina lake likipita hata karibu na ule mtungi. Bibi naye ni mzee, hapunguziwi. Akabaki Tuli, wa miaka tisa, asiyejua kulalamika, ambaye siku moja angeolewa akale kwa watu.

Mwaka ule bei zilipanda kwa fujo. Vitunguu vilipanda, dengu zikafuata, mafuta ya haradali yakawa ya kudondosha kama dawa ya macho. Baba Shohag alikuwa karani wa kiwanda cha matofali, na alimpa mkewe hela za sokoni zilezile za mwaka juzi, tena kwa mkono wa mtu anayetoa sadaka. Kohinur akabana. Samaki akamkata vipande vyembamba, dengu akaziongeza maji, na konzi moja likawa mawili, kisha matatu. Kila mara alisema, "Tuli."

Siku moja alimwita mtoto amletee pilipili.

"Abee, mama," ikajibu sauti kutoka nyuma ya mlango.

Tuli alikuwa uani, kwenye pampu ya maji. Kohinur alimwona kupitia dirisha, midomo ikicheza bila kutoa kitu.

"Uko wapi?"

"Niko hapa," ukasema mtungi.

Kohinur aliufunika mtungi akakaa chini. Hakushangaa. Kushangaa ni jambo jingine. Yeye aliogopa. Mama mkwe wake, Sokhina, alikuwa kwenye kigoda chake akikunja tambuu.

"Sauti ndiyo hutangulia," Sokhina alisema. "Ya watoto wa kike ni nyepesi. Hukuona nyumba ilivyotulia siku hizi?"

Baada ya sauti ukaenda uzito. Tuli alitoka kuoga akapita kwenye saruji na miguu yake iliyolowa haikuacha alama. Mtungi nao ukawa mzito, hata Kohinur akawa anausogeza kwa kuusukuma na goti. Kutoka shuleni mwalimu alituma salamu: Tuli amekuwa mfano wa kuigwa darasani, hasumbui kabisa. Baba Shohag alifurahi akamnunulia Shohag viatu.

Kohinur alianza kulala na roho mkononi. Usiku alimfunga mtoto kwenye kifundo cha mkono wake kwa ncha ya sari, na mchana kila alipopika alimwita apate tu kumsikia, halafu akaogopa kumsikia, kwa sababu sauti ilitoka kulekule.

Akajaribu kulitaja jina lake mwenyewe. Alichota konzi, akasema, "Kohinur," akaliachia. Punje zilipanda kutoka mdomo wa mtungi, moja moja, zikamrudia kiganjani.

"Usijisumbue," Sokhina alimwambia. "Wewe mama yako alikumaliza zamani, kwenye mtungi wake. Hujajiuliza kwa nini ukiongea humu ndani hakuna anayekusikia?"

"Na wewe, Mama?"

"Mimi pia. Nilianza kusikika nilipokuwa mama mkwe."

Basi Kohinur alingoja mkwewe aende kuswali. Akafunga mlango wa jiko, akachota konzi, akaukaribia mtungi. Tangu nikaha yake hakuwahi kulitamka jina la mumewe, wala kwa mzaha, wala kwa hasira. Akautazama mlango kama anayeiba. "Khalek," akanong'ona, na mtungi ukaupokea mchele bila kudondosha hata punje.

Jioni Baba Shohag aliketi kwenye mkeka, akafumbua mdomo, na sauti yake ikasikika kutoka jikoni.

"Chumvi iko wapi?"

Nyumba nzima ilisimama. Sokhina alitupa tambuu. Kabla ya kulala kulikuwa na mayai, na kesho yake asubuhi kulikuwa na kuku, maziwa na daktari wa mtaa wa pili, na hela za vyote hivyo zilitoka chini ya godoro la Sokhina, zilikokuwa siku zote. Shemeji yake Kohinur, anayeishi Dhaka, naye alituma zake. Ilipofika Ijumaa Baba Shohag alikuwa amerudiwa na sauti yote, na tumbo kidogo juu yake.

Kohinur alimngoja mumewe amalize kunawa.

"Baba Shohag, mayai yaliyobaki tumpe Tuli."

Safari hii alimsikia, labda kwa sababu alikuwa ameshiba.

"Kwani Tuli anaumwa?"

"Hana sauti."

"Mama Shohag, acha kunichekesha. Mtoto wa kike kukosa sauti ni ugonjwa? Wenzako wanaomba dua wapate wa hivyo!"

Akacheka. Mayai akala Shohag, aliyekuwa na mtihani. Sokhina hakuuliza nani aliyelitaja jina la mwanawe. Alikihamishia kigoda chake pembeni ya mtungi, na tangu siku hiyo mchele ulipopimwa alikaa hapo akitafuna, akimtazama mkamwana wake mdomoni mpaka jina lisemwe, na liwe la Tuli.

Mvua zikaja mapema. Kiwanda kikafungwa, na mshahara ukawa wa kesho, na kesho. Nyumbani kulibaki chumvi na ndimu. Sokhina akaamuru mtungi ufunguliwe.

Hapo Kohinur alipata wazo, na wazo lenyewe lilimtisha kuliko yote yaliyopita, kwa kuwa lilikuwa na matumaini ndani yake. Mchele ule ulikuwa wa Tuli. Kama Tuli angeula mwenyewe, wote, angerudi mzima. Kama wangeula wengine, asingekuwepo tena wa kurudi. Alipoingiza mkono kuchota alihisi joto, kama la mtoto aliyelala. Akauosha polepole kwa maji ya vuguvugu, akiusemesha. Ulipoiva alijaza bakuli akalificha chini ya tenga la kuni, akamfanyia Tuli ishara aingie kwa mlango wa nyuma.

Tuli aliingia. Nyuma yake aliingia Sokhina.

"Mtoto wa kike bakuli zima," Sokhina alisema, "na baba yake hata hajanawa?"

"Mama, nakuomba. Huu ni wake. Nakuomba, niachie mwanangu."

Lakini Kohinur alikuwa hasikiki. Sokhina alilirudisha bakuli kwenye sufuria, akaibeba sufuria mpaka mkekani, akapakua kwa utaratibu wa nyumba: mwanawe, mjukuu wake, yeye mwenyewe.

"Wali wa leo mtamu jamani," alisema Baba Shohag, kwa sauti ya Tuli.

Shohag alicheka kile kicheko chembamba cha dada yake. Sokhina aliimba kipande cha wimbo wa kurukia kamba, akajifuta mdomo, akaomba ndimu. Kohinur alisimama mlangoni akimsikia binti yake katika vinywa vitatu, akimbeba yule aliyebaki, ambaye mikononi hakuwa hata na uzito wa shati lake.

Sufuria ilirudi na ukoko. Kohinur alikwangua nusu yake kwa haraka, akaukamulia ndimu, akamlisha Tuli kwa vidole vyake. Mtoto alitafuna kwa bidii. Taratibu kivuli chake kikaanza kuonekana sakafuni, chepesi, na kooni mwake kitu kikajongea. Sauti iliyomrudia ilikuwa ndogo mno, ya kutosha neno moja.

Kohinur alipiga magoti mbele yake. Alimwomba Mungu mtoto alie, apige kelele, adai nusu ile iliyobaki. Tuli alimtazama kaka yake, ambaye alikuwa amesogea na sahani yake. Alimtazama bibi yake. Akameza mate.

"Nimeshiba," akasema.

"Ana adabu huyu," Sokhina alisema, akamsogezea Shohag sufuria.