Kiti cha Tarishi

Baba yangu alikuwa tarishi kwa miaka thelathini na mmoja. Siku za usaili alikaa kwenye kiti nje ya mlango, akiita majina. Ukimsikia anavyozungumza, ungedhani yeye ndiye aliyekuwa akiajiri.

"Faili shika mkono wa kushoto, wa kulia ubaki wa kusalimia. Funga mlango bila kuwapa wasaili mgongo. Na usimpite tarishi kama unapita stuli. Wakubwa wakimaliza humwita: 'Mzee, nani amekusalimia?' Wengi wameachwa hapo, na vyeti vyao vinang'aa."

Hayo aliwaambia watoto wa watu wote. Lakini kumwombea mtu kazi, thubutu! Miaka tisa iliyopita nilipoitwa usaili ofisini kwake, nilimsihi amdokezee bosi jina langu tu. Akasema, "Mlango ule sijamfungulia mtu kwa siri." Nikakosa. Nilinuna mwaka mzima, na kusema kweli donge lile halikuisha. Nililizoea tu.

Siku hizi kumbukumbu zinamtoka. Kila asubuhi huvaa shati lake la kazi, akakaa kitini sebuleni. Nikitoka, mama jirani ndiye humwangalia, mwanamke asiyejua kunong'ona.

Wiki iliyopita niliitwa tena ofisi ileile, nafasi ya karani wa masijala. Asubuhi hiyo baba alikuwa na akili zake timamu. Alinikagua viatu, akanitembeza sebuleni mara tatu, akacheka nilipompa mgongo.

"Ukipata, niambie mimi kwanza," alisema, "kabla ya redio yetu hapo jirani."

Nikamwahidi.

Nilimsalimia tarishi mlangoni. Ndani nilishika faili kushoto, nikajibu maswali, moja nikalikoroga, nikakiri kuwa nimelikoroga. Sikuwa nimefika getini tarishi aliponikimbilia: nirudi ndani. Wakaniambia nianze Jumatatu.

Nilirudi nyumbani nusu nikitembea, nusu nikikimbia. Mama jirani alinipokea mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinong'ona.

"Pole, mwanangu. Tangu saa sita ananiuliza mimi ni nani."

Baba alikuwa kitini, amefunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Baba, nimepata!"

"Karibu, mama. Keti, wataita." Akalitazama faili langu. "Mkono wa kushoto. Umefundwa vizuri."

Kisha akaangalia huku na huku, akashusha sauti.

"Samahani, mama. Jambo hili sijawahi kumwomba mtu. Binti yangu naye anakuja leo. Zamani aliniomba neno moja tu, nikamnyima, akakosa. Hakunilaumu, alininyamazia. Mpaka leo naona aibu kumtazama usoni. Wewe utapata popote. Kazi hii mwachie yeye."

Miaka tisa nilidhani hakujali. Nilitaka kumshika mabega nimtikise, nimwambie ni mimi, baba, nimepata, yameisha. Lakini macho yake yalikuwa yakinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Nimemwachia, mzee," nikasema.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru sana. Halafu akageuza kiti kuelekea mlango wa nje, akaanza kumngoja binti yake.