Nyasi za Kiganjani kwa Casimiro Lucero

Jumanne asubuhi Casimiro Lucero aliamka, akatia kuni kwenye jiko lake jipya la chuma, na alipotaka kufunga kijimlango chake akakuta nyasi zimeota kwenye kiganja cha mkono wa kulia. Zilikuwa fupi, za kijivujivu, zile za mlimani ambazo kondoo wetu hunenepea. Akajaribu kuzing'oa, zikauma kama nywele. Mkewe Refugio, aliyekuwa akikanda unga wa chapati za mahindi, alizitazama akamwambia asiguse unga kwa mkono huo.

Ijumaa iliyotangulia alikuwa ameunyanyua mkono huohuo mahakamani, akaapa.

Hati ya kijiji chetu ilisema malisho yanaishia "kwenye jiwe", basi, haikusema jiwe lipi. Enzi za mfalme wa Hispania, siku tulipokabidhiwa ardhi, mjumbe wa gavana aliwashika wazee mikono akawatembeza mpakani, nao wakang'oa nyasi na kurusha mawe ili ardhi iwajue. Kwenye jiwe la juu kabisa wakampa mtoto mmoja ang'oe, abaki na kumbukumbu wao wakishakufa. Mtoto huyo ndiye Casimiro, wakati huo ana miaka sita. Ndivyo tulivyofanya sisi: karatasi hupotea, mtoto hukua. Hatukufikiria kwamba mtoto akishakua atataka jiko.

Wamarekani walipoichukua nchi walikuja na minyororo ya kupimia. Mfugaji mmoja wa kwao alidai mlima wote ni wake, kwa kuwa jiwe linalotajwa ni lile la chini, karibu na mfereji. Mahakama ikamwita shahidi pekee aliye hai. Wiki moja kabla ya kesi, gari la nyumbu lilisimama mlangoni kwa Casimiro likashusha jiko la chuma, bila barua, bila salamu. Refugio alikuwa amekohoa majira matatu ya baridi mfululizo. Casimiro akaenda mjini akasema jiwe ni la chini.

Uzio wa waya ukasimamishwa upesi kwenye jiwe la chini. Nicanora Baca, mjane, alikuwa na kondoo arobaini na mmoja. Casimiro alimsimamia mwana wa mjane huyo ubatizo, na tangu siku hiyo wakawa wanaitana kompadre na komadre. Kondoo wa Nicanora walikaa siku nne kwenye waya wakiutazama mlima. Siku ya tano jike mmoja mwenye sikio lililochanika alishuka, akaingia uani kwa Casimiro, akala kiganjani mwake mpaka ngozi ikaonekana. Muda si mrefu nyasi zikawa zimeota tena.

Padre alipita akauliza kama zinahitaji kumwagiliwa. Cornelio wa kwenye kinu alimtania kwamba afadhali yeye, wengine ardhi waliyobaki nayo ni ile ya kwenye kucha. Habari za jiwe hakuna aliyezigusa, na hilo ndilo lililomtesa Casimiro. Angetukanwa, angelala usingizi. Kikohozi cha Refugio kilikwisha, na kila alipomsikia mkewe akipumua vizuri alitamani ardhi ipasuke immeze.

Akaamua kwenda kutengua kiapo. Mji uko mwendo wa siku nzima kwa miguu. Karani wa mahakama alikuwa mtu mstaarabu. Kwa kinywa cha mkalimani alimweleza kwamba kutengua kiapo lazima mtu aape upya, na kuapa ni kwa kiganja cha kulia kilicho kitupu. Hiki kina nyasi. Cha kushoto hakikubaliki. Akazinyoe, arudi kabla mwezi haujaisha.

Casimiro alizinyoa kwa wembe nyumbani, akafika mjini zimerefuka kuliko mwanzo. Akarudi. Akamwomba Nicanora amwazime yule kondoo mwenye sikio lililochanika, akamwambia ana safari tu, naye Nicanora hakuuliza. Siku ya mwisho ya mwezi waliingia mjini wawili, mzee na kondoo, wakisimama kila mara kondoo apate kula. Pale kwenye ngazi za mahakama alizila zote. Bawabu akasema kondoo haingii.

Kutoka mlangoni hadi mezani kwa karani ni hatua kumi na saba. Casimiro alizitembea mbio kadiri magoti yalivyomruhusu. Aliponyanyua mkono, nyasi zilikuwa na urefu wa pingili ya kidole. Karani alizitazama kwa huruma ya kweli, akafunga jalada.

"Pole, mzee," akasema. "Si kitupu."

Kesho yake jioni, aliporudi kijijini, alimkuta Nicanora kwenye mfereji na kondoo wake, akamkabidhi yule jike. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akasema tu.

"Komadre, nilidanganya. Jiwe ni la juu. Nilisimama pale na baba yangu."

"Najua, kompadre."

"Tangu lini?"

"Tangu jiko liliposhushwa. Umesahau tulivyokusaidia kuliingiza? Zito lile. Mguu mmoja niliushika mimi." Nicanora alinawa mikono mferejini, akaipangusa kwenye sketi. "Tuliona, tukanyamaza. Refugio alikuwa anakohoa."

Casimiro alilia kidogo, na Nicanora akamwacha alie. Alipomaliza akamwambia, "Haya, fungua mkono."

Akaufungua. Nyasi za kiganja hutosha kondoo mmoja kwa siku, na Nicanora alikuwa ameshawapangia zamu, kwa haki, kuanzia wale wanaonyonyesha. Wa kwanza akasogea, akaanza kula. Arobaini waliobaki wakageuka wakapanda mpaka kwenye uzio, wakasimama hapo kungojea zamu.