Mkono wa Mkwe

Sumeya anauza nguo karibu na msikiti, Kitale. Kireno alikitoa Msumbiji, alikofanya biashara miaka kadhaa na kaka yake. Mimi nilimsumbua anifundishe kila nilipotoka Kiminini kwenda sokoni, kwa sababu binti yangu Joy aliolewa Maputo, na sasa alikuwa anamleta mtoto wake Lurdes tumwone kwa mara ya kwanza. Lurdes hajui Kiswahili. Kwenye simu alikuwa akiniona tu, anajificha nyuma ya mamake. Iliniuma, sitadanganya.

"Mtoto hasalimiwi na hotuba, Mama Joy," Sumeya aliniambia. "Inua kiganja, sema *Dá cá mais cinco*. Ni ile nipe tano. Atapiga hapo, mtacheka, imeisha."

Nikajaribu.

"Si utabasamu kidogo, bana! Uso kama wa askari wa kanjo."

Nikafanya mazoezi nikimkamua ng'ombe. Ng'ombe hakuinua mguu, lakini maneno nikayashika.

Siku ya wageni, shemeji yangu Jotham alifika mapema kutoka Bumula, akakalia kiti kizuri kuliko vyote ili aone kama mila itafuatwa. Mume wa Joy, Anselmo, akashuka garini akicheka, akanijia amenyoosha mkono. Nikarudi nyuma, mikono nikaificha ndani ya leso. Kwetu Wabukusu, mama mkwe hashikani mkono na mkwe wake. Ndiyo heshima. Joy alikuwa amemweleza, ila furaha ilimsahaulisha. Alipokumbuka akainamisha kichwa, maskini, amejaa aibu.

Lurdes aliona yote. Nilipomwinulia kiganja na kusema Kireno changu, akaficha mikono mgongoni, akafoka.

"Anasema nini?" nikamuuliza Joy.

Akaangalia chini. "Ati kama humpendi babake, hata yeye hakutaki."

Jamani, niliumia. Na papo hapo nikampenda zaidi, maana hasira ile ni yangu tupu.

Jotham akakohoa. Kumshika mkwe nisingeweza, na kumpoteza mtoto nisingekubali. Nikapiga magoti kwenye nyasi, nikainua mikono yangu miwili, nikamwonyesha Lurdes afanye vivyo hivyo. Akasita, kisha akainua.

"Joy, mwambie mumeo apige magoti upande ule."

Anselmo akaja, mtoto akawa katikati yetu.

"*Dá cá mais cinco*," nikasema.

Tukapiga kwa pamoja, Anselmo kiganja kimoja cha mtoto, mimi kingine. Lurdes akamtazama babake, akanitazama mimi, akaangua kicheko.

"*Outra vez!*"

"Anataka tena," Joy akasema, machozi yanamtoka.

Jotham alitafuta kosa, akalikosa. Tukapiga tena. Anselmo hakuniangalia, macho yake yalikuwa chini kwa adabu, lakini alipiga kwa nguvu, na mtoto akayumba kidogo kuniegemea. Nikajua mkwe wangu amenisalimia.